Mgeni Asiyeinuka Kitini

Kopo la marhamu lilikuwa dogo, la bati, la kutoshea kiganjani. Mpelelezi alilifungua, akalinusa, akalipeleka dirishani penye mwanga. Marhamu ya manjano ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na katikati palikuwa na kitobo kimoja tu cha kidole. Kidole chembamba.

"Huu ndio ushahidi?" aliuliza.

"Ndio huo, Afande," alisema meneja wa kiwanda. "Umetoka kwenye kabati lake. Soma kifuniko: marhamu ya salfa. Na mkemia wangu amepima kokoto za mnara wa kwanza, akakuta nini? Salfa. Sasa moja na moja si mbili?"

"Ni mbili kama zote ni machungwa. Kama moja ni chungwa na nyingine ni kiatu, hapo sijui."

Kituoni walimwita Bi Polepole. Jina lilianza kama dhihaka, maana akipewa kesi ya kuku aliyeibwa, huanza kwa kuuliza yai lilitagwa wapi. Lakini kesi zake zilikuwa hazirudishwi na mahakama, na dhihaka ikageuka cheo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanda kilichukua mafuta ya maji na kuyagandisha yawe mafuta magumu ya kutengenezea sabuni. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya minara miwili ya chuma, iliyojazwa vijiwe vidogo ambavyo kila mtu pale aliviita kokoto. Mafuta yalimiminwa kutoka juu pamoja na gesi ya haidrojeni, yakateremka katikati ya vijiwe, yakatoka chini yakiwa yamebadilika. Sasa mnara wa kwanza ulikuwa umekufa. Mafuta yaliingia maji yakatoka maji. Ikabidi uzimwe.

Aliyekamatwa alikuwa kijana aliyepanga vijiwe hivyo, na kwa kazi hiyo jina lake likawa Kokoto. Alikuwa mahabusu tangu jana. Saa nane mchana gari lingempeleka mahakamani kwa shtaka la kuhujumu kiwanda, shtaka lisilo na dhamana. Akishapanda gari hilo, mke wake na mtoto anayenyonya wangemwona tena siku ya hukumu.

Asubuhi ile Bi Polepole alikuwa amekwisha kukaa naye.

"Marhamu ya nani?"

"Ya mtoto, Afande. Ana upele. Mama yake alimpaka mara moja tu, mtoto akalia nyumba nzima ikaamka. Nikalichukua nilirudishe dukani."

"Ulitia kitu kwenye mnara?"

"Sikutia."

"Mkono huo?"

Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu jekundu kutoka kiwiko hadi vidoleni. "Gesi ilivuja wakati wa mvua. Moto wake hauonekani mchana. Nilipeleka mkono kwenye koki, nikajua kuna moto kwa kuungua."

"Tangu siku hiyo, kuna kitu kilibadilika pale mnarani?"

Hapo Kokoto akatazama sakafu. Bi Polepole alimuuliza mara ya pili, akamuuliza kwa njia nyingine. Sakafu ikajibu kuliko yeye.

Bi Polepole alirudisha kopo mezani kwa meneja. "Nataka kuona mnara. Halafu nataka kukaa na mkemia wako."

"Afande, muda…"

"Muda ninao mpaka saa nane. Wewe ndiye unayeutumia."

Uani alikutana na mzee aliyetembea nyuma ya ufagio. Aliunyoosha mbele yake, njiti zikitangulia, akapita nao taratibu kando ya mabomba kama anayemfukuza paka asiyemwona.

"Shikamoo, mzee. Unafagia hewa?"

"Marahaba, mwanangu. Hewa ndiyo inayoua hapa." Hakusimama. "Gesi hii haina rangi, haina harufu, na ikiwaka juani huoni kitu. Basi natanguliza ufagio. Ukishika moto ufagio, mimi narudi nyuma."

"Wenzako wanasemaje?"

"Wanasema nimeoa mchawi, ameniachia usafiri." Akacheka kwa pua. "Nawaambia afadhali ufagio uungue kuliko mkono."

Huyu alikuwa fundi wa mabomba, Mzee Bomba. Meneja alikuwa amemtaja kama shahidi mkuu wa tabia ya mshtakiwa, maana Kokoto alikuwa mume wa binti yake.

"Nasikia ni mkwe wako," alisema Bi Polepole.

Uso wa mzee ukafunga. "Mimi ndiye niliyemleta kiwandani. Nikamwombea kazi, nikampa na binti. Kumbe nafuga nyoka ndani ya kanga! Nimesema mbele ya watu, na nitasema tena."

"Una hakika ni yeye?"

"Mkemia amekuta sumu, kabati limekutwa na sumu. Mimi nani nibishane na watu waliosoma?"

Bi Polepole aliruka mtaro uliochimbwa upya chini ya mnara wa kwanza. Udongo ulikuwa bado laini. "Na hapa mlikuwa mnatafuta nini?"

"Harufu," alisema mzee, akageuza ufagio upande wa pili. "Watu walilalamika vyoo vinanuka. Bomba la maji machafu likafukuliwa."

"Likakutwa limepasuka?"

"Zima kabisa."

"Na harufu?"

"Imekwisha yenyewe. Vyoo hivyo, Afande, vina tabia zao." Akaenda na ufagio wake.

Maabara ilikuwa chumba chembamba chenye meza ndefu, mitungi ya gesi iliyofungwa mnyororo ukutani, na mashine iliyochora mstari kwenye karatasi. Mkemia alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi.

"Nifundishe kama mtoto," alisema Bi Polepole, akivuta kigoda. "Kokoto hizi zinafanya nini?"

Mkemia alimwekea moja kiganjani. Ilikuwa nyepesi, na nyeusi kama mbegu ya papai. "Jiwe lenyewe halifanyi kitu, ni la kubebea tu. Limejaa vitundu ndani, na kwenye vitundu hivyo tumetandaza madini ya nikeli, chembe ndogo kuliko vumbi. Ni kama siagi juu ya mkate. Ukiiacha siagi donge moja, anayeuma pembeni anapata mkate mtupu."

"Na gesi inanywewa humo kama maji kwenye sifongo?"

"Hapana. Watu wengi hudhani hivyo. Gesi haizami, inakaa juu, kwenye ngozi ya nikeli. Umewahi kukaa kwenye benchi la zahanati? Viti vimehesabiwa. Haidrojeni inakuja, inakaa, ikikaa inajigawa mapande mawili. Mafuta yakipita yanaichukua. Kiti kinabaki wazi, mwingine anakaa. Kutwa kucha, kukaa na kuinuka."

"Na salfa?"

"Salfa ikikaa, haiinuki."

Bi Polepole akatabasamu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu ukimpa jembe analifanya mto, analala. Tena akikaa kiti kimoja, viti vya jirani navyo havikaliki. Ndiyo maana kidogo tu kinatosha kuua mnara."

"Sasa hizo kokoto ulizopima, ulizichota wapi?"

"Juu. Mlango wa juu ndio mkono wangu unapofika."

"Na za katikati? Na za chini?"

Mkemia alivaa miwani, akaivua tena. "Tulipoona salfa, meneja alisema inatosha."

"Chungu hakionjwi juu tu, dada. Chini kunaweza kuwa kumeungua na juu ni mchele."

Wakaenda pamoja mnarani. Pembeni mwa mnara kulikuwa na milango midogo ya kuchukulia sampuli. Mkemia alichota kwa mrija mrefu, akamimina kwenye chupa alizokuwa amezijaza naitrojeni, maana kokoto zilizotoka mnarani zikikutana na hewa ghafla hupata moto zenyewe. Wakarudi na chupa ya juu, ya katikati na ya chini. Na moja ya vijiwe vipya kutoka stoo, vya kulinganishia.

"Tutazinyonyesha haidrojeni kwa mafundo," alisema mkemia, akijaza bomba jembamba la kioo. "Fundo dogo linapita kwenye kokoto. Likipata viti, linabaki humo, na mashine haichori kitu. Likikosa viti, linatoka upande wa pili, na mashine inachora kilima."

Vijiwe vipya vilianza. Fundo la kwanza likapita, mstari ukabaki umelala. La pili, umelala. Baadaye kilima kidogo, kisha kikubwa, kisha vyote vikawa sawa.

"Vimeshiba," alisema Bi Polepole.

"Viti vimejaa. Sasa za juu ya mnara."

Fundo la kwanza tu, mashine ikapanda kilima kizima. Hakuna hata tone la gesi lililobaki. Kwenye kokoto zile kulikuwa hakuna pa kukaa.

Za katikati zilimeza kidogo zikakataa. Kisha mkemia akaweka za chini. Fundo la kwanza, mstari umelala. La pili, umelala. La tatu, umelala bado.

Mkemia aliinama karibu na karatasi mpaka nywele zikagusa mashine. "Hizi ni nzima," alisema. "Karibu kama mpya."

"Maana yake?"

"Maana yake sumu haikuchanganywa wakati wa kupanga. Ingechanganywa, zingekufa zote, au moja hapa moja pale. Hii imeingilia juu na inashuka."

Mlango ulifunguka, meneja akaingia akitazama saa. Mkemia akamweleza. Meneja hakukawia. "Basi ni lile lile kopo! Alipanga kokoto, halafu akaja akamwaga salfa juu."

"Kopo limejaa, bwana meneja," alisema Bi Polepole.

"Alikuwa na jingine."

"Huenda. Dada, kwenye mnara nimeona vipimajoto vimepangwa kama vifungo vya shati. Ni vya nini?"

"Penye kazi pana joto," alisema mkemia. "Mafuta yanapopokea haidrojeni yanatoa joto. Zamani joto kali lilikuwa juu, kwenye kokoto za kwanza kabisa. Halafu wakati wa mvua kipimajoto cha juu kikapoa. Nilidhani kimeharibika, nikakibadilisha. Kipya nacho kikaonyesha baridi. Halafu kikapoa cha pili yake…" Akahesabu kwa vidole. "Joto lilikuwa linashuka. Kila wiki chini kidogo."

"Ukimwaga ndoo ya sumu mara moja, inaua inapofika, inatulia. Hii haikutulia. Kila siku kulikuwa na mtu au kitu kinaleta nyingine." Bi Polepole alimgeukia meneja. "Wakati joto linaanza kushuka, Kokoto alikuwa wapi?"

Mkemia ndiye aliyejibu. "Nyumbani. Mkono umefungwa. Alikuwa hajaruhusiwa kurudi."

"Nani basi?" aliuliza meneja, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

"Bado siulizi nani. Nauliza njia gani. Yanayoingia juu ni mawili, mafuta na gesi. Mnara wa pili unatumia mafuta ya wapi?"

"Tangi moja na wa kwanza."

"Na ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi mafuta nayaachia yaende zao. Na gesi?"

"Bomba kuu ni moja," alisema mkemia polepole, "linagawanyika uani. Tawi moja kwa kila mnara."

Wakatoka. Tawi la mnara wa kwanza lilipita usawa wa bega, limevikwa sufi na bati jembamba lisipigwe na jua. Bi Polepole alitembea akiligusa kwa kiganja. Palipogawanyika palikuwa laini. Hatua chache mbele, bati lilikuwa limevimba kidogo, kama shavu lenye jino bovu. Na skrubu za hapo ziling'aa, wakati za kwingine zilikuwa na kutu.

Mkemia alifungua skrubu. Ndani, juu ya bomba, kulikuwa na kichupa cha chuma chenye koki ndogo ya kudondoshea, kimefungwa kwa utepe mweupe uliozungushwa vizuri, bila mkunjo hata mmoja. Bi Polepole aliinama kunusa, akarudi nyuma na machozi.

"Kitunguu kibovu!"

"Ni dawa ya harufu," alisema mkemia. "Wanatia kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja watu wasikie. Hapa tunayo kwenye gesi ya boila la kuchemshia maji. Na ndani yake…" Akashika shavu. "Ndani yake kuna salfa. Ndiyo inayonuka."

Bi Polepole aliutazama mtaro uliochimbwa bure miguuni pake. Vyoo vilikuwa vimesingiziwa. Harufu ilianza kichupa kilipofungwa, na ilikwisha mnara ulipozimwa.

"Hapa kiwandani, nani anafunga mabomba?"

"Fundi ni mmoja tu," alisema meneja.

Mzee Bomba alikuja akiwa bado na ufagio. Alikiona kichupa kikiwa wazi, akauegemeza ufagio ukutani.

"Hiki ni chako?" aliuliza Bi Polepole.

"Changu." Hakusita. "Nimekosa ruhusa, hilo najua. Nilimwomba bwana meneja kengele za gesi baada ya kijana kuungua. Akasema mwakani. Nikajiuliza, na mpaka mwakani wataunguzwa wangapi? Basi nikaipa gesi ya tawi hili, lililomwunguza, harufu. Tone moja moja. Mkiwa mnataka kunifukuza kwa hilo nifukuzeni, lakini harufu ni harufu tu, haijamdhuru mtu."

Mkemia alimtazama Bi Polepole, akaona kazi hiyo imeachwa kwake. "Mzee, dawa ile ina salfa. Inasafiri na gesi. Inakwenda kukaa kwenye kokoto na haitoki."

"Haitoki vipi?"

"Haitoki, baba. Ndiyo iliyoua mnara."

Mzee Bomba alitafuta kitu cha kukalia, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani. Alikaa na mikono mitupu magotini.

"Yule kijana," alisema.

"Alijua kuhusu kichupa?" aliuliza Bi Polepole.

"Aliporudi kazini nilimwambia, yeye peke yake. Nikamwambia, ukisikia harufu ya kitunguu kibovu, usiulize, kimbia. Na usimwambie mtu, mimi nitafukuzwa. Akasema, 'Sitasema, baba.'" Mzee alitazama lango. "Tangu jana nasimama pale nje ya kituo namwita nyoka."

Meneja alisema kitu kuhusu hasara. Hakuna aliyemgeukia.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza mzee.

"Saa saba imekwisha kupita."

Mzee aliinuka kabla yao wote.

Kituoni gari lilikuwa limekwisha kugeuzwa, mlango wa nyuma wazi. Mzee Bomba alitoa maelezo yake akiwa amesimama, akakataa kiti. Alipomaliza, Bi Polepole aliyasoma kwa sauti, na mzee akaweka dole gumba.

"Hapa sioni hujuma," Bi Polepole alimwambia meneja. "Naona fundi aliyefunga kitu bila ruhusa, na naona mtu aliyeombwa kengele akasema mwakani. Yote mawili nitayaandika. Na mnara wa pili?"

"Unafanya kazi, Afande."

"Gesi yake ikivuja, watu watajuaje?"

Meneja akatoa simu mfukoni.

"Basi uzime mpaka kengele zifike. Nitapita kesho kuusikiliza kama umenyamaza."

Meneja alitoka na simu sikioni.

Kokoto alitolewa akiwa pekupeku. Askari alimsukumia viatu na mkanda juu ya meza. Alipomwona baba mkwe, alisimama wima.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimsogelea. "Nimesema," alisema. "Kile kichupa. Nimesema yote."

"Baba, si ungenyamaza? Utafukuzwa."

"Niliwaambia watu wewe ni nyoka."

"Nilisikia. Dirisha la mahabusu liko barabarani."

"Na bado hukufungua mdomo!"

"Uliniambia nisiseme, baba."

Kokoto alivaa viatu. Akainama kufunga kamba, lakini vidole vya mkono ulioungua vilikuwa havikunjiki bado, na kamba ikamtoka, ikamtoka tena. Mzee Bomba akateremka chini, goti moja kwanza halafu la pili, kwa kishindo cha mifupa ya kizee.

Kijana akaruka nyuma. "Baba, acha! Baba mkwe hapigi magoti kwa mkwewe, watu wanatazama!"

"Watazame. Nilipokutukana walikuwa hawatazami?" Akauvuta mguu karibu. "Umenyamaza mahali pasipotakiwa. Hapa sasa ndipo pa kunyamaza."

Kokoto akanyamaza. Mzee akafunga kamba ya kwanza, akafunga na ya pili, kwa mafundo ya kifundi, kisha akayavuta yote mawili kwa nguvu kuona kama yameshika.